Foleni Iliyopanda Kileleni

Nchi ya Tukufuni haimo kwenye ramani, na wenyewe husema kosa ni la wachora ramani. Ina kilima kimoja, bonde moja, wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na Mamlaka ya Maji na Matumaini. Maji yalikuwa ya shida kidogo, lakini matumaini yalitoka usiku na mchana na hayakuwahi kukatika hata sikukuu. Kama una haraka, msomaji, nenda salama. Kama una kiu, kaa hapa.

Siwema alikuwa karani wa makadirio katika Mamlaka hiyo. Kazi yake ilikuwa kukadiria, kila mwisho wa mwaka, ni watu wangapi nchini wamehudumiwa kwa maji. Waliomtangulia walipima lita zilizotoka bombani wakazigawa kwa idadi ya watu, na kila mwaka jibu lilikuwa la aibu, likafungiwa kabatini. Dakta Kongoti alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu alilifungua kabati, akasoma, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Lita!" alisema. "Kwani sisi wauza maziwa? Serikali haihudumii lita, inahudumia watu. Nitafutieni watu."

Watu wakatafutwa, wakapatikana Mchangani.

Mchangani ni mtaa wa bondeni, chini kabisa ya kilima. Bomba lake la mtaa lilitoa maji siku moja tu, siku ya kuzinduliwa, na siku hiyo maji yalitoka kwenye lori lililofichwa nyuma ya turubai. Lori lilipoondoka, maji nayo yakaondoka, lakini wakazi hawakukata tamaa. Kila mmoja alipanga dumu lake mbele ya bomba, akaenda kwenye shughuli zake, na dumu likabaki kumshikia zamu. Ambaye dumu lake lilikuwa bovu aliweka ndoo iliyopasuka. Asiye na ndoo aliweka jiwe lenye alama ya mkaa, na fundi viatu aliweka kiatu cha kushoto. Foleni ilipinda kona tatu na kupita mbele ya kinyozi, na katika miaka yote ya kungoja hakuna aliyesogeza cha mwenzake hata inchi. Watu wa Mchangani waliweza kuibiana kuku na hata wake, lakini zamu, hapana.

Dakta Kongoti aliletwa kuiona foleni hiyo, akasimama pale muda mrefu machozi yakimlengalenga.

"Hawa wanahudumiwa," alisema. "Mtu asiyehudumiwa atapanga foleni ya nini?"

Basi njia mpya ya makadirio ikazaliwa hapo hapo, mbele ya kinyozi. Hesabu madumu, zidisha kwa sita, kwa sababu dumu moja ni familia moja na familia ni watu sita, wapende wasipende. Ndoo ni dumu. Jiwe ni dumu. Juu ya kiatu kulikuwa na mjadala, kamati ikakaa siku mbili, ikaamua kiatu ni dumu la muda. Na kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa zimepanga madumu mawili matatu, mwaka huo Siwema alipojumlisha alipata kwamba Mamlaka imehudumia asilimia mia na thelathini na moja ya wananchi wote. Akapeleka karatasi kwa bosi wake akidhani amekosea.

"Hujakosea, binti," alisema Dakta Kongoti. "Tumewapita."

*

Takwimu nzuri ni kama mtoto mchanga, inahitaji ulinzi. Dakta Kongoti alitoa nyaraka mbili za kuilinda.

Waraka wa Saba ulisema kwamba mtu yeyote atakayeondoa dumu kwenye foleni atakuwa amepunguza idadi ya waliohudumiwa, na atakwenda jela miaka saba. Waraka wa Nane ulisema kwamba mwananchi atahudumiwa pale lilipo dumu lake na si penginepo, ili asije akahesabiwa mara mbili na kuichafua nchi. Kusimamia nyaraka hizo akaajiriwa askari wa foleni, Mzee Shomvi, mstaafu wa magereza, mtu mnyoofu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukisia jambo. Mzee Shomvi hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na waraka.

Sasa, mama yake Siwema, Bi. Nyamizi, alikaa Mchangani na aliuza uji wa ulezi. Uji haupikwi kwa matumaini. Mwaka ule wa jua kali alisikia kwamba bomba la mtaa wa pili, Stesheni, linatoa maji kidogo alfajiri, akajifunga kanga, akabeba sufuria kichwani, akaenda. Mzee Shomvi alimkuta kwenye mstari.

"Mama, wewe si wa Mchangani? Dumu lako la njano si liko kule, namba arobaini?"

"Liko, baba. Lakini kule hakuna maji."

"Mambo ya maji mimi siyajui, mama yangu. Wewe unahudumiwa kule. Nikikuacha uchote hapa utakuwa umehudumiwa mara mbili, na hiyo ni kesi."

Bi. Nyamizi hakuwa mgomvi. Alirudi, akapita nyuma ya ghala la pamba, akachota mtaroni maji yenye rangi ya chai, akayachemsha nusu nusu kwa sababu kuni nazo zilikuwa chache. Siku ya tatu alikuwa amekufa. Daktari aliyeandika cheti alijua fika ni kipindupindu, lakini kipindupindu kilikuwa kimepigwa marufuku kwa watu waliohudumiwa. Akaandika kwamba marehemu amekufa kwa kukosa subira.

Baada ya matanga Siwema alikwenda ofisini kwa mkubwa wake na ombi moja. Aliomba dumu la mama yake liondolewe kwenye foleni, na jina lake lifutwe kwenye daftari la waliohudumiwa.

Dakta Kongoti alimpa kiti na kitambaa cha kujifutia machozi. Alikuwa mtu wa heshima sana kwa wafiwa.

"Pole sana, binti. Kifo ni deni letu sote. Lakini tuelewane. Wewe unaniambia amekufa mtu mmoja. Ukiondoa lile dumu, kwenye takwimu wanakufa sita. Hao watano wengine wamekukosea nini?"

"Mheshimiwa, mama hakuwahi kupata hata kikombe."

"Nyumbani kwenu mama amefariki, sikatai. Hapa ofisini bado yu hai na anahudumiwa vizuri. Wewe ungependa lipi?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa Hati ya Mteja Mvumilivu, akaijaza kwa mkono wake jina la Bi. Nyamizi binti Lugendo, akampa. Siwema aliipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Akashukuru. Akatoka.

Tangu siku hiyo Siwema alimchukia Dakta Kongoti, na hakuna haja ya kupamba maneno. Alimchukia asubuhi akipiga mswaki mkavu. Alimchukia mchana akimpelekea mafaili na kumwambia shikamoo. Kila alipopita Mchangani alilikuta dumu la njano palepale, namba arobaini, vumbi limelifunika, likihesabiwa kila mwezi watu sita, na kila alipoliona aliapa upya. Alitaka jambo moja tu duniani: mtu yule yule aandike, kwa mkono ule ule, kwamba mama yake amekufa na hakuhudumiwa. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema. Siwema aliona kungoja kutachelewa, akaamua kumtafutia ngazi.

*

Ngazi ililetwa na wageni. Nchi wahisani, ambazo ndizo zilizonunua mabomba, zilisoma taarifa ya asilimia mia na thelathini na moja, zikatuma mkaguzi. Alikuwa bwana mrefu, mkimya, mwenye daftari dogo.

"Hii thelathini na moja iliyozidi ni akina nani?" aliuliza.

"Ni wananchi wanaotarajiwa kuzaliwa," alijibu Dakta Kongoti bila kupepesa macho. "Sisi hatungoji mtu azaliwe ndipo tumhudumie."

Mkaguzi aliandika jambo. Kisha akasema yeye si mtu wa mambo mengi. Anataka kuona bomba moja. Liwe na foleni, na liwe linatoa maji. Vyote viwili kwa pamoja. Atakuja Jumatatu.

Mamlaka nzima ikaingia homa. Mabomba yenye foleni yalikuwepo mengi, na mabomba yenye maji yalikuwepo machache, ila katika historia ya Tukufuni vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana. Lori la zamani lilikuwa limekufa injini. Maji ya uhakika yalikuwa Kileleni peke yake, juu ya kilima, kwenye bustani za wakubwa. Mawaziri wakaombwa watoe bustani zao kwa siku moja. Wote walikuwa na mikutano.

Ndipo Siwema alipogonga mlango wa mkubwa wake akiwa na karatasi iliyochapwa vizuri.

"Mheshimiwa, kwako kuna bomba la bustani. Lile la bata bukini."

"Lipo. Kwa nini?"

"Foleni ya Mchangani iko chini ya kilima chako tu. Tukiihamishia bustanini, mkaguzi ataona foleni na maji mahali pamoja. Ni madumu tu, Mheshimiwa. Hayapigi kelele, hayaombi chai."

Dakta Kongoti alimwangalia kwa mapenzi ya baba. "Binti, wewe utafika mbali. Kwa muda gani?"

"Mpaka yahesabiwe."

Akatia saini Hamisho la Foleni bila kusoma ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema kwamba kuanzia tarehe hiyo bomba la bustani ya Mkurugenzi Mkuu ndilo bomba la mtaa wa Mchangani, na kwamba Waraka wa Saba na Waraka wa Nane zitatumika hapo kama zilivyo. Hakuna neno lililokuwa la Siwema. Yote aliyatoa kwenye maandishi ya bosi wake mwenyewe.

Jumapili nzima Mchangani ilipanda kilima. Madumu elfu moja na mia mbili na nane yalipita lango la chuma moja moja, kila mtu akibeba lake na kukumbuka aliyemtangulia na aliyemfuata. Yalijaa bustanini, yakazunguka banda la bata, yakapita barazani, mengine yakaingia sebuleni na kupanda ngazi hadi mlango wa chumba cha kulala. Siwema alibeba dumu la njano. Lilikuwa na haki ya namba arobaini, lakini mtu ana ruhusa ya kuwapisha walio nyuma yake. Akawapisha wote waliokuwa hai. Nyuma yake, bila mtu kusema na mwenzake sana, wengine kadhaa wa Mchangani nao wakawa wanawapisha watu.

Jumatatu mkaguzi alikuta bomba linatoa maji na foleni isiyo na mwisho. Alihesabu, akaandika, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Dakta Kongoti akapanda juu ya ngazi ya banda la bata kuhutubia.

"Ndugu wananchi, wapendwa waliohudumiwa, mnaohudumiwa na mtakaohudumiwa! Wako viongozi wanaokunywa kwanza. Mimi siyo. Kiongozi ni mtumishi, na mtumishi hula mwisho!"

Akaletewa dumu jipya la kung'aa lenye jina lake, akalipeleka kwa mikono yake mwenyewe mpaka mwisho kabisa wa foleni, akaliweka. Watu walishangilia kupita kiasi. Siwema naye alipiga makofi hadi viganja vikamuwasha, na furaha yake haikuwa ya kuigiza.

*

Mkaguzi alipoondoka, Dakta Kongoti alimwita Mzee Shomvi. "Haya, toa hivi vitu nyumbani kwangu."

"Dumu likiondoka foleni ni miaka saba, Mheshimiwa."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Dakta Kongoti alicheka, akaenda bafuni kunawa. Koki ilikohoa hewa. Mzee Shomvi alikuwa ameshafunga bomba linaloingia ndani, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na dumu nje, na mtu hahudumiwi mara mbili. Alipomfokea, mzee alimsomea Waraka wa Nane wote, pamoja na muhuri. Alipotaka kumfukuza kazi, ilionekana kwamba barua ya kumfukuza askari wa foleni hupitishwa na askari wa foleni.

Maji ya bata yalikuwa membamba. Dumu moja lilijaa kwa dakika nne, na Mchangani hawakuwa na haraka. Walikuwa wamezoea miaka tisa. Waliteka tangu alfajiri mpaka magharibi, wakaimba, wakafua, wakaogeshea watoto barazani. Aliyejaza alimimina kwenye pipa lake na kulirudisha dumu nyuma kabisa ya foleni, nyuma ya lile la kung'aa, akaanza zamu upya. Mama Tunu, mjane wa kutoka nyumba ya tatu baada ya kinyozi, alifungua biashara ya maandazi sebuleni, juu ya piano.

Siku ya pili Dakta Kongoti alipiga mswaki kwa soda. Siku ya tatu alioga soda, ya machungwa, na nzi wa wilaya nzima wakapata habari. Mkewe aliwachukua bata akaenda nao kwa wazazi wake. Siku ya nne alivuka barabara akaomba ndoo moja tu kwa Waziri jirani, rafiki yake wa tangu shule. Waziri alizungumza naye akiwa nyuma ya dirisha.

"Ningekupa, ndugu yangu, wallahi. Lakini umeandikwa unahudumiwa pale. Nikikupa mimi, kesho foleni itaniingilia na mimi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, watoto wa Mchangani waliimba barazani. Hawakuumalizia, maana mwisho wake ulikuwa umekaa dirishani ukijikuna.

Siku ya sita saa nne asubuhi, Dakta Kongoti alichungulia akaona foleni mbele ya dumu lake imebaki fupi. Akashuka mbio na taulo shingoni. Watu wote wa Mchangani walikuwa wamekwishachota, lakini hakuna aliyekuwa ameondoka. Walisimama kuzunguka bustani, mikono nyuma.

Mzee Shomvi alifungua daftari. "Anayefuata! Nyamizi binti Lugendo!"

Hakuna aliyeitika. Dumu la njano lilikuwa peke yake chini ya koki.

"Nyamizi binti Lugendo!"

"Ruka huyo," alisema Dakta Kongoti. "Amekufa."

"Daftari linasema yu hai na anahudumiwa. Tutamsubiri."

"Nimekwambia amekufa, wewe mzee! Mwaka jana! Kila mtu anajua!"

"Mimi najua kilichoandikwa, Mheshimiwa."

Siwema akasogea mbele na karatasi na kalamu. Alikuwa nazo mfukoni tangu asubuhi.

"Binti," alisema Dakta Kongoti. Akamtazama usoni, akabadilisha. "Dada Siwema. Mwambie."

"Andika, naye atamruka."

Akaandika haraka, akampa. Siwema akasoma kwa sauti: "'Marehemu alifariki akiwa katika mchakato endelevu wa kuhudumiwa.'" Akaichana vipande vinne. Akampa nyingine.

"'Marehemu alihudumiwa kwa kiwango ambacho hakikupimika.'" Akaichana hiyo pia. Maji yalikuwa yakidondoka matone kwenye koki, na Dakta Kongoti aliyafuata kwa macho, akilamba midomo iliyopasuka.

"Unataka niandike nini, mama?"

"Unajua."

Akapiga magoti kwenye tope, akaweka karatasi juu ya dumu la njano, akaandika polepole. Nyamizi binti Lugendo amekufa kwa kipindupindu. Hakuhudumiwa. Akatia saini. Siwema aliisoma mara moja, kisha mara ya pili, akaikunja na kuitia kifuani. Alidhani moyo wake utapoa. Haukupoa, lakini ulikaa mahali pake. Akaliinua dumu la mama yake, likiwa jepesi kama siku zote, akalikumbatia.

Dakta Kongoti alisogeza dumu lake la kung'aa kuelekea kwenye koki. Mzee Shomvi akalizuia kwa mguu.

"Anayefuata! Athumani Mkwizu!"

Dakta Kongoti aliinua kichwa, na ndipo alipotazama vizuri mstari uliobaki mbele yake. Ndoo moja yenye kutu. Dumu la bluu lisilo na kifuniko. Kopo la maziwa, dogo, la kipimo cha mtoto. Jiwe lenye alama ya mkaa. Vilikuwa vimepinda kwenye baraza na kuishilia nyuma ya banda, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu pembeni yake.

"Wako wangapi?" aliuliza kwa kunong'ona. "Dada Siwema, hawa wako wangapi?"

"Mimi karani wa makadirio tu," alisema Siwema. "Hesabu mwenyewe."

Dakta Kongoti alitazama huku na huku. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyempa nafasi. Akatambaa mpaka kwenye ndoo yenye kutu, akaigusa kwa kidole.

"Moja," alisema.

"Jina," akasema Siwema.

Mama Tunu akatoka kwenye umati, akamchuchumalia karibu kabisa, akamsogezea kalamu. "Athumani Mkwizu," alimwambia. "Mume wangu. Andika kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri."